Jumapili ya Mlimani Bila Gari

Ndugu msomaji, ukitaja mbele ya watu mapumziko katika milima ya Alps, huko Ulaya, wengi humfikiria tajiri. Humwona mtu mwenye miwani ya jua akishuka katika gari la fahari mbele ya hoteli, na nyuma yake mtumishi amebeba mizigo. Picha hiyo si ya uongo, lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni ya karani wa posta, fundi wa reli, muuguzi wa hospitali na mwanafunzi wa chuo. Hawa Jumapili asubuhi hutoka nyumbani na watoto wao, mfuko mgongoni, viatu vizito miguuni na tiketi mfukoni. Hungoja kituoni kama abiria wengine, wakapanda, na kabla ya saa sita ya mchana huwa wamekwisha kuketi mahali ambapo mawingu hupita chini yao. Gari hawana, au wanalo, nao wameliacha nyumbani.

Leo ukurasa huu unakupeleka Innsbruck, makao makuu ya jimbo la Tirol, nchini Austria. Hatukuuchagua mji huu kwa uzuri wake tu, maana miji mizuri chini ya milima ni mingi. Tumeuchagua kwa sababu unatusaidia kulijibu swali linaloihusu kila familia ya mjini, popote ilipo: je, mapumziko ni haki ya mwenye gari peke yake?

MJI CHINI YA UKUTA WA MAWE

Innsbruck una wakazi wapatao 130,000. Umejengwa bondeni, mita 574 juu ya usawa wa bahari, pale mto Inn unapokutana na njia ya kale ya kuvuka milima kwenda Italia. Jina lake lenyewe maana yake ni daraja la mto Inn. Upande wa kaskazini safu ya milima iitwayo Nordkette imesimama kama ukuta, na miguu yake imeingia hadi katika mitaa ya watu. Upande wa kusini uko mlima Patscherkofel, wenye kimo cha mita 2,246, ambao kichwa chake ni cha mviringo na upole. Mtu akisimama sokoni huiona yote miwili kwa kugeuza shingo tu.

Katikati ya mji gari halihitajiki, na sehemu kubwa haliruhusiwi. Mitaa ya kale ni ya waendao kwa miguu. Hapo kipo kibaraza mashuhuri kilichokamilishwa mnamo mwaka 1500 kwa ajili ya Mfalme Maximilian wa Kwanza, ambacho paa lake limeezekwa kwa vigae 2,657 vya shaba iliyopakwa dhahabu. Karibu yake liko kanisa lenye kaburi la mfalme huyo, likizungukwa na sanamu 28 za shaba nyeusi, nyingi zikimzidi mtu kwa kimo. Ajabu ni kwamba mwenye kaburi hakuzikwa humo; alizikwa katika mji mwingine, Wiener Neustadt.

Mtaa mkuu unaitwa kwa jina la Maria Theresia, na jina hilo si geni kwa watu wa pwani yetu. Ni malkia yule yule ambaye sura yake ilichorwa katika sarafu za fedha, riale, zilizotumika Zanzibar na Oman katika karne ya 19. Mwishoni mwa mtaa huo lipo lango kubwa la mawe. Lilijengwa mwaka 1765, malkia alipofika mjini kumwoza mwanawe. Lakini sherehe zikiwa bado zinaendelea, mume wake akafariki dunia hapo hapo. Basi upande mmoja wa lango ukachongwa alama za furaha, na upande wa pili alama za msiba. Matembezi hayo hayagharimu hata senti moja, na mzee wa miaka 80 anaweza kuyafanya kwa mkongojo wake.

JUMAPILI ILIVYOPATIKANA

Wahenga wetu walisema kazi na dawa. Lakini hata dawa hiyo, ndugu msomaji, mfanyakazi wa Austria hakuipata bure. Katika karne ya 19 milima ilikuwa mahali pa kuchezea pa mabwana. Wakulima na wachungaji waliishi humo kwa taabu, na wafanyakazi wa viwandani mijini hawakuwa na siku wala nauli ya kuifikia. Chama cha wapanda milima cha Austria, Alpenverein, kilianzishwa mwaka 1862 na watu wenye elimu na nafasi.

Mwaka 1895, mwalimu wa shule wa mjini Vienna, Georg Schmiedl, pamoja na wenzake, miongoni mwao Karl Renner ambaye baadaye alikuwa Rais wa nchi, walianzisha chama kingine kwa ajili ya wafanyakazi. Kiliitwa Naturfreunde, yaani marafiki wa maumbile. Nia yao ilikuwa kumtoa mfanyakazi katika moshi na ulevi, kumpeleka mahali penye hewa safi, na kumfundisha kusoma kitabu cha dunia. Salamu yao ilikuwa na maana ya "mlima huru", kwa kuwa wakati huo wenye mashamba na wawindaji wakubwa walizifunga njia nyingi zisipitiwe na watu wa kawaida.

Hatua ya pili ilikuwa ya sheria. Mwaka 1919 Austria ilipitisha sheria ya likizo ya wafanyakazi yenye malipo. Aliyetimiza mwaka mmoja kazini alipata wiki moja. Leo, tangu mwaka 1986, haki hiyo ni wiki tano kwa mwaka. Hatua nyingine ilikuja katika Sheria ya Misitu ya mwaka 1975, ambayo inampa kila mtu ruhusa ya kuingia msituni kwa miguu ili kupumzika, hata kama msitu huo una mwenyewe.

Njiani palikuwa na mambo ya aibu pia, nayo yasifichwe. Mwaka 1924 Alpenverein kiliwafukuza wanachama wa tawi la Donauland la mjini Vienna, ambao wengi wao walikuwa Wayahudi. Mwaka 1934 serikali ya kidikteta ya wakati huo ilikipiga marufuku chama cha Naturfreunde na kutaifisha mali yake, na hakikufufuka hadi mwaka 1945. Kwa hiyo swali la nani ana haki ya kupanda mlima si swali la viatu na kamba peke yake. Leo vyama vyote viwili viko wazi kwa kila mtu, na Alpenverein, ambacho ofisi yake kuu iko Innsbruck, hutunza njia za miguu zenye urefu wa kilomita 26,000 nchini Austria. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na watu wa kujitolea, kwa sururu na koleo.

RELI IPITAYO MSITUNI

Sasa tuondoke mjini. Njia ya kwanza, nayo ndiyo nyepesi kwa familia yenye watoto wadogo, ni tramu, yaani gari la reli lipitalo katika barabara za mji. Tramu namba 6 huiacha mitaa, ikaingia msituni na kupanda polepole hadi kijiji cha Igls. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1900 kwa magari ya moshi, na mwaka 1936 ikaanza kutumia umeme. Vituo vyake vingine viko katikati ya miti, pasipo nyumba hata moja karibu. Mtu anaweza kushuka kwenye kituo cha ngome ya Ambras, ambayo katika karne ya 16 mtawala Ferdinand wa Pili aliijaza silaha, picha na vitu vya ajabu hata ikahesabiwa miongoni mwa majumba ya makumbusho ya kale kabisa duniani. Au anaweza kushuka katika kituo cha ziwa la Lans. Maji ya ziwa hilo dogo yana rangi ya chai kwa ajili ya mboji, na katika majira ya joto watoto wa mjini huogelea humo mchana kutwa.

Njia ya pili ni reli ya bonde la Stubai, iliyofunguliwa mwaka 1904. Ina urefu wa kilomita 18, na safari yake huchukua karibu saa nzima. Treni huanzia mbele ya stesheni kuu, ikapita mitaani pamoja na tramu nyingine, kisha ikapanda kwa mizunguko hadi vijiji vya Natters, Mutters, Telfes na mwisho Fulpmes. Mwezi wa Oktoba, majani ya miti ya larch yanapogeuka rangi ya dhahabu kabla ya kupukutika, watu husafiri kwa treni hiyo kwa ajili ya kutazama tu dirishani.

Fulpmes nako si kijiji cha wageni watupu. Ni kijiji cha wahunzi. Kwa karne nyingi wamefua chuma kwa nguvu ya maji ya kijito, na mwaka 1897 mafundi hao waliungana katika chama cha ushirika ili wasinyonywe na wafanyabiashara. Shoka za barafu na vyuma vya kufunga viatuni vya wapanda milima vitokavyo bonde hilo vinajulikana duniani kote. Ipo nyumba ya makumbusho ya uhunzi, na ni vema mtoto wa mjini aone kwamba kifaa cha starehe ya mmoja ni jasho la mwingine.

Usidhani kwamba reli hizi zimedumu zenyewe. Katika zama za kuabudu gari, miji mingi ya Ulaya iling'oa tramu zake, na hata Innsbruck nusura ifanye hivyo. Reli ya Igls imetishiwa kufungwa mara kadhaa. Katika miaka ya 1970 na 1980 mji huo uliendesha shughuli zake kwa mitumba: tramu zilizokwisha kutumika zilinunuliwa kutoka miji ya Hagen na Bielefeld huko Ujerumani, zikapakwa rangi na kurudishwa kazini. Baadaye zilikuja mpya zenye sakafu ya chini, ambazo mama mwenye kigari cha mtoto na mlemavu mwenye kiti cha magurudumu huingia bila kusaidiwa, na reli ikapelekwa hadi mji jirani wa Rum.

KUPANDA KWA WAYA

Njia ya tatu ni ya waya, na hii ndiyo inayowashangaza wageni. Katikati ya mji, hatua chache kutoka mtaa wa kale, kuna kituo kilichochimbwa chini ya ardhi. Treni ndogo inayovutwa kwa waya huondoka hapo, ikavuka mto Inn darajani, kisha ikapanda mteremko mkali hadi mtaa wa Hungerburg. Vituo vyake vinne vina paa za kioo kama barafu iliyoganda. Vilichorwa na msanifu majengo Zaha Hadid, mwanamke aliyezaliwa Baghdad, na vilifunguliwa mwezi Desemba mwaka 2007. Treni ya kwanza ya mahali hapo ilikuwa ya mwaka 1906.

Kituo kimoja njiani ni cha bustani ya wanyama, Alpenzoo, iliyofunguliwa mwaka 1962. Humo hutaona simba wala tembo. Wanyama wote ni wa milima ya Alps: dubu, mbwamwitu, fisi-maji na mbuzi-mwitu wenye pembe ndefu zilizopinda. Yumo pia tumbusi mwenye ndevu, ndege alaye mifupa. Ndege huyu aliwindwa hata akatoweka kabisa katika Alps mwanzoni mwa karne ya 20, kwa sababu watu walimzulia kwamba anaiba wana-kondoo na hata watoto. Bustani hiyo ilishiriki katika kazi ya kuwazalisha, na mwaka 1986 makinda ya kwanza yaliachiliwa huru katika milima ya Austria. Ndugu zake tunao sisi pia, katika milima mirefu ya Afrika ya Mashariki.

Kutoka Hungerburg, magari ya waya yaliyofunguliwa mwaka 1928 huendelea hadi Seegrube, mita 1,905, kimo kinachokaribia kile cha lango la Marangu katika mlima wa Kilimanjaro. Gari la pili humfikisha abiria Hafelekar, mita 2,256. Kwa nusu saa hivi mtu ameondoka katika mtaa wa maduka, akafika katika mwamba mtupu ambapo theluji hukaa hata mwezi wa Juni. Mbele yake ni safu za Karwendel zisizo na kijiji. Nyuma yake mji mzima umelala kama ramani juu ya meza.

Hapo Hafelekar kipo pia kibanda cha sayansi. Mwaka 1931 Profesa Victor Franz Hess, aliyegundua miali itokayo anga za juu, alianzisha hapo kituo cha kuichunguza, na mwaka 1936 alipewa Tuzo ya Nobel. Gari la waya lililowapandisha watalii ndilo lililompandisha mwanachuoni na vyombo vyake.

Upande wa kusini, Patscherkofel nao una gari lake la waya tangu mwaka 1928, ambalo lilijengwa upya mwaka 2017. Basi la herufi J huunganisha milima hiyo miwili: huanzia chini ya Nordkette, likaukata mji, na kumalizia kwenye kituo cha Patscherkofel. Kwa hiyo mtu aliyezuiwa na wingu upande mmoja anaweza kubadili nia na kwenda upande wa pili.

MBUZI NA KIGINGI

Watu wengi hudhani kwamba asiye na gari amefungwa. Lakini mlimani mara nyingi aliyefungwa ni mwenye gari. Yeye akiliacha gari lake chini ya mlima, sharti arudi pale pale alipoliacha, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Anayesafiri kwa basi hupanda upande mmoja akateremkia upande mwingine.

Mfano mwema ni njia ya miti ya Zirbe. Familia hupanda basi hadi kituo cha Patscherkofel, ikapandishwa kwa waya hadi karibu na mita 2,000, kisha ikatembea kilomita 7 hivi karibu bila mwinuko, katikati ya misonobari yenye umri wa mamia ya miaka. Mwisho wa njia huteremka kwa waya hadi kijiji cha Tulfes, ambapo basi jingine hungoja kuwarudisha mjini. Mwenye gari akiifuata njia hiyo atajikuta katika kijiji kimoja, na gari lake liko kijiji kingine.

Hali kadhalika kwa baiskeli. Kandokando ya mto Inn ipo njia ya baiskeli ambayo ni tambarare. Mtu huweza kupanda baiskeli yake hadi Hall, mji wa kale wa chumvi, kilomita 10 mashariki. Hapo mwaka 1486 ilipigwa sarafu kubwa ya fedha iliyokuwa mzazi wa zile riale tulizozitaja. Akichoka, hurudi kwa treni.

MALISHO, NG'OMBE NA CHAKULA

Yule ambaye mfuko wake hauruhusu waya, miguu yake inamruhusu. Kutoka Hungerburg zipo njia pana za msituni ziendazo kwenye malisho ya juu, kama vile Arzler Alm, Umbrüggler Alm na Höttinger Alm. Alm ni malisho ya majira ya joto. Mwezi Juni wakulima hupandisha ng'ombe huko, na mwezi Septemba huwateremsha. Ikiwa hakuna ng'ombe aliyekufa wala mtu aliyepatwa na msiba mlimani mwaka huo, ng'ombe huvishwa mataji ya maua na kengele kubwa, na kijiji kizima hutoka kuwapokea.

Katika nyumba za malishoni mpita njia hupata chakula: maziwa ya mtindi, mkate, jibini ya kijivu ya Tirol itengenezwayo kwa maziwa yaliyoenguliwa mafuta, na madonge ya mkate na jibini yaliyokaangwa, kisha yakatiwa katika mchuzi wa nyama. Lakini hapana anayelazimishwa kununua. Mafamilia mengi huchukua mkate wao, mayai ya kuchemsha na chupa ya maji, wakala juu ya jiwe.

Ng'ombe wenyewe, ingawa ni wapole, si wa kuchezewa. Mwaka 2014, katika bonde la Pinnis huko Stubai, mtalii aliyekuwa na mbwa alishambuliwa na ng'ombe wenye ndama, akafa. Kesi iliyofuata iliitikisa nchi nzima, kwa kuwa wakulima waliogopa kwamba watalazimika kuzifunga njia. Serikali ikatoa mafundisho kwa wapitaji: usimguse ndama, wapitie mbali, na ukiona mbwa wako anashambuliwa, mwachilie akimbie. Msomaji aliyelelewa na wafugaji hahitaji kuambiwa zaidi.

MAJIRA YA BARIDI

Kuanzia Desemba mji hubadilika. Innsbruck uliandaa Michezo ya Olimpiki ya Baridi mwaka 1964 na tena mwaka 1976. Mwaka 1964 theluji ilikosekana, na askari wa Austria wakalazimika kuisomba kutoka milima ya juu. Mwaka 1976 michezo ilikuwa imepewa Denver, Marekani, lakini wananchi wa jimbo la Colorado waliikataa kwa kura, na Innsbruck ukaichukua kwa sababu viwanja ulikuwa navyo tayari. Mwaka 2017 wananchi wa Tirol nao walipoulizwa kama wanaitaka michezo ya mwaka 2026, walio wengi walisema hapana.

Kuteleza kwa skii ni mchezo wa gharama. Starehe ya mtu wa kawaida ni kigari cha mbao cha kuteleza thelujini. Familia hupanda treni ya Stubai hadi Mutters, ikashuka kwenye kituo kilicho jirani na gari la waya la Mutterer Alm, ikapanda, kisha ikateleza kurudi chini, baba mbele na mtoto katikati ya magoti yake.

MWAKA GARI LILIPOPUMZISHWA

Ipo kumbukumbu moja inayotuunganisha na watu hao. Shida ya mafuta ilipoikumba dunia mwaka 1973, serikali ya Austria iliamuru, mwezi Januari mwaka 1974, kwamba kila mwenye gari achague siku moja ya wiki ambayo gari lake halitatembea, na kibandiko cha siku hiyo akibandike kwenye kioo. Wazee wa Dar es Salaam hawatashangaa; nao wanaikumbuka amri iliyoyazuia magari ya binafsi kutembea Jumapili alasiri. Mwezi Februari mwaka huo huo shule za Austria zilifungwa kwa wiki moja ili kuokoa mafuta ya kupashia moto madarasa. Mafuta yalirudi, amri ya magari ikaondolewa, lakini likizo ile ya Februari haikuondoka. Mpaka leo ndiyo wiki ambayo watoto hupelekwa kwenye theluji.

Leo sababu ya kuliacha gari ni nyingine. Zaidi ya malori milioni 2 huvuka mlango wa Brenner kila mwaka, na moshi wake, pamoja na ule wa magari madogo, hunaswa bondeni wakati wa baridi, hewa baridi inapolifunika bonde kama kifuniko cha chungu. Tangu mwaka 2014 mwendo wa magari madogo katika sehemu ndefu za barabara kuu ya bonde la Inn una kikomo cha kilomita 100 kwa saa, kwa ajili ya afya za watu. Anayekwenda mlimani kwa gari kutafuta hewa safi huwaachia moshi wale waliobaki chini.

NANI ANAACHWA NYUMA?

Tusije tukakusimulia pepo. Mwezi Oktoba mwaka 2021 Austria ilianzisha tiketi ya mwaka mzima ya treni, tramu na mabasi ya nchi nzima, kwa euro 1,095, sawa na euro 3 kwa siku. Jimbo la Tirol lina tiketi yake ya bei nafuu zaidi. Hilo ni jambo kubwa kwa mfanyakazi. Lakini tangu hapo bei ya tiketi ya nchi nzima imepanda, na magari ya waya hayamo ndani yake; nauli zake ni ghali kwa familia yenye watoto. Ipo tiketi nyingine ya mwaka ya burudani, inayojumuisha magari ya waya na mabwawa ya kuogelea, lakini sharti mtu awe na fedha za kuilipa kwa pamoja.

Kodi za nyumba za Innsbruck ni miongoni mwa kubwa kabisa nchini Austria. Mpishi na mfagizi wa hoteli, wengi wao wahamiaji, hulazimika kuishi vijiji vya mbali. Nao hufanya kazi siku ile ile ambayo wengine wanapumzika, na basi la usiku la kuwarudisha nyumbani si la kila saa. Kwa hiyo hata huko, mapumziko ya mmoja yanasimama juu ya kazi ya mwingine.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Ikiwa wewe, msomaji, au mwanao aliye masomoni huko mtajaliwa kufika, kumbukeni haya. Kwanza, tazameni saa ya gari la mwisho kabla ya kupanda la kwanza. Pili, someni vibao vya manjano: njia yenye alama nyekundu yataka mazoea, na yenye alama nyeusi si ya watoto. Tatu, vaeni viatu vyenye soli ngumu na chukueni koti hata kama mjini ni joto. Nne, katika majira ya joto shukeni mapema, kwa maana ngurumo na radi hupenda alasiri. Tano, upo upepo wa kusini uitwao Föhn, wenye joto. Siku hiyo milima huonekana karibu kama ya kushikwa, lakini ukivuma kwa nguvu magari ya waya husimamishwa. Sita, namba ya simu ya kuomba msaada mlimani ni 140. Saba, maduka mengi hufungwa Jumapili, basi nunueni mkate Jumamosi.

Na ninyi mliobaki nyumbani, tunawaombeni jambo moja. Jumapili hii, ketini na watoto wenu mhesabu mahali pazuri palipo karibu na mji wenu: pwani, bustani, msitu au kilima. Kisha jiulizeni ni pangapi mnaweza kupafikia kwa basi, na kama basi la kurudi lipo jioni. Wakazi wa Innsbruck walipewa mlima na Mwenyezi Mungu, lakini reli na mabasi ya kuufikia waliyadai wenyewe, na walipoambiwa kwamba reli zao zifungwe, walikataa.